Santuri ya Giza

Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina Duma juu ya jalada la santuri, fikra yake humkimbilia yule mnyama mwepesi wa mbugani. Lakini vijana wawili wa Nairobi waliolichagua jina hilo, Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kama Lord Spikeheart, na mwenzake Sam Karugu, walilitoa katika Kikuyu, na kwao maana yake ni giza. Santuri yao ya jina hilohilo, iliyotoka Agosti 2020, imeoanisha magitaa mazito ya metali na muziki wa mitambo kwa ukali ambao masikio yangu hayakuwa yameusikia katika nchi zetu, na ili kuipa haki yake hatuna budi kuanzia mbali, katika mji wa viwanda.

Huko Birmingham, Uingereza, Tony Iommi, akiwa na umri wa miaka 17, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili katika karakana ya mabati, siku ileile aliyokusudia kuiaga kazi hiyo. Naye, kwa kuwa alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na vidole vilivyoumia ndivyo vya kubana nyuzi, alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi zenyewe ili zisimtese. Kundi lake, Black Sabbath, lilitoa santuri ya kwanza Februari 1970, na sauti yake, iliyozidi unene kadiri nyuzi zilivyolegea, ikawa asili ya metali yote. Chuma na jeraha, basi, vilikuwamo tangu mwanzo.

Takriban miaka 20 baadaye, Justin Broadrick na G. C. Green, wa mji uleule, waliunda Godflesh, kundi la watu wawili ambalo mahali pa mpiga ngoma liliweka mtambo. Na katika santuri ya Streetcleaner ya 1989 pigo lile lisilohema wala kuchoka lilirudisha kiwanda ndani ya muziki uliozaliwa kiwandani.

Khanja na Karugu nao walikuwa wawili na mtambo wao. Walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, miongoni mwao Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, lakini santuri yao waliirekodi Kampala, mwaka 2019, katika studio za nyumba ya muziki ya Nyege Nyege. (Mswahili asishtuke: waanzilishi wake walilichukua jina hilo kutoka Kiganda, ambako hutajwa kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza.) Nyumba hiyo, iliyoanzisha tamasha lake kando ya Nile huko Jinja mwaka 2015, ndiyo iliyotoa pia, mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, ngoma ambayo mapigo yake aghalabu hupita 200 kwa dakika, na mtu aliyekwisha kuisikia singeli hataona ugeni katika kasi ya Duma, ambamo ngoma za mtambo hukimbia kuliko mkono wowote wa binadamu uwezavyo, gitaa la Karugu likasimama kama ukuta badala ya kuimba, na sauti ya Khanja ikapasua katikati kama ya mtu aitaye kutoka shimoni. Wako waliodai kwamba huu ni muziki wa kuazima. Mimi nasema wameazima chombo tu. Kilio ni chao.

Na Khanja mwenyewe ameonyesha kinakotoka. Santuri yake ya peke yake, The Adept, ya mwaka 2024, aliitoa kwa kumbukumbu ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha jemadari mkuu katika Mau Mau, ambaye nywele zake zilizosokotana msituni hazikukatwa hata Kenya ilipopata uhuru, zikaendelea kuota hadi aliporidhia zinyolewe Aprili 2022, mwaka mmoja na miezi michache kabla ya kufariki kwake.