Programu isiyotaka kufa

Bila shaka yamekupata. Unanakili faili kutoka CD iliyokwaruzika, programu inaganda, unaiua kwenye Task Manager, lakini wapi! Bado ipo. Tunailaumu programu, kumbe mara nyingi mwenye makosa ni draiva. Kisa chenyewe ni cha zamani.

Kwenye kompyuta nyingi za mwanzo, prosesa ikitaka data ilisimama ikiuliza tu: tayari? tayari? Muda ulipotea bure. Mwaka 1977 kampuni ya DEC ya Marekani ilitangaza kompyuta ya VAX na mfumo wake VMS. Dave Cutler alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Humo programu iliweka ombi kwenye foleni kwa wito ulioitwa QIO, kisha ikaendelea na shughuli zake. Draiva iliipa diski kazi na kuondoka. Diski ilipomaliza ilibisha hodi kwa interapti, na data ilikuwa imeshafika kwenye kumbukumbu. VMS haikuwa ya kwanza kufanya hivyo, ila ndiyo iliyoacha urithi tunaoutumia.

Cutler alihamia Microsoft mwaka 1988, na Windows NT ikatoka mwaka 1993 na mtindo uleule. Ombi ni pakiti iitwayo IRP, na draiva inaweza kujibu STATUS_PENDING, yaani "bado".

Sasa hilo "bado" ndilo lenye mambo. Programu ikifa huku diski ingali inaandika, je? Diski haina habari ya msiba. Kumbukumbu ile ikipewa programu nyingine, data itamwagwa juu ya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo mfumo huiomba draiva ighairi ombi, kisha unangoja. Draiva isiyojua kughairi inauacha ukingoja.

Na kughairi kuna mtego wake: ombi linaweza kughairiwa papo hapo linapokamilika, likafungwa mara mbili, ukaona skrini ya buluu. Wakati wa Windows XP, Microsoft iliwapa waandishi wa draiva foleni salama tayari. Vista ikaongeza CancelIoEx. Hata hivyo, zote ni kuomba tu. Uamuzi ni wa draiva.

Linux nayo ina yake: ukiona herufi D kwenye ps, hata kill -9 mara nyingi haisaidii.

Basi siku nyingine ikiganda, toa CD kwanza, halafu vuta subira. Pengine inalinda kazi yako nyingine.