Neno la Kukataa

Ukisafiri kwa njia ya Namanga kutoka Nairobi, ukapita Kitengela, utafika Kisaju. Hapo zamani palikuwa malisho wazi ya Wamaasai. Leo pana nyua za seng'enge na nyumba za mawe. Shule zinapofungwa, vijana wa mahali kama hapa hupata uhuru wasiokuwa nao shuleni: hapana kengele, hapana mwalimu wa zamu, nao wazazi wamo kazini. Ndipo wenzao huwaalika karamuni, na anayesita huambiwa, "Wote wanakwenda, wewe u nani hata ukatae?" Wahenga walisema, wengi wape. Walakini historia ya Kajiado yatufundisha kwamba mwili wa mtu si mali ya kuwapa wengi.

Upande wa kusini wa Kajiado, karibu na mlima Kilimanjaro, mwaka 1991 alizaliwa Nice Nailantei Leng'ete. Wazazi wake walifariki angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka minane, jamaa zake waliazimia akeketwe, kwa maana desturi ilimhesabu msichana aliyekeketwa kuwa mtu mzima, tayari kuozwa. Nice alikuwa amekwisha kuona kwamba wenzake waliopitia kisu hawakurudi darasani. Basi usiku wa kuamkia siku ile, yeye na dada yake walitoroka gizani, wakajificha juu ya mti mpaka kukapambazuka. Baadaye walirudishwa nyumbani kwa vitisho. Sherehe ilipopangwa tena, dada yake hakukimbia, alibaki, akakeketwa.

Nice alimwendea babu yake, akamwambia kwamba akilazimishwa atatoroka asirudi tena. Yule mzee, ingawa alikuwa mshika mila, aliamua kwamba mtoto aachwe. Siku atakapotaka, atasema mwenyewe. Uamuzi huo ulikuwa mfupi, lakini uliigeuza desturi. Kabla ya hapo walioulizwa walikuwa watu wengine wote. Sasa aliulizwa mwenye mwili.

Kukataa kulikuwa na gharama. Wasichana wa rika lake walikatazwa kucheza naye, kana kwamba ameleta aibu kijijini. Hata hivyo aliendelea na masomo, kisha akafanya kazi na shirika la Amref, akiwafundisha vijana na wazee wa Kimaasai. Mwanzoni walikubali kuzungumza naye vijana wachache tu, wengine waliondoka. Hao wachache ndio waliokuwa mlango wa kuwafikia wengi. Mwaka 2018 gazeti la TIME la Marekani lilimtaja miongoni mwa watu 100 wenye athari kubwa duniani.

Bungeni pia neno hilo "hapana" lilipigania heshima yake. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alileta mswada juu ya makosa ya kujamiiana. Katika mjadala, mbunge mmoja mwanamume alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana, huenda maana yake ni ndiyo. Wabunge wanawake walisimama, wakatoka nje. Mwaka huo huo mswada ukawa sheria. Sheria hiyo yasema kwamba kuridhia ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Aliyelala usingizi, au aliyeleweshwa hata fahamu zake zikapotea, hana uwezo huo. Naye aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kisheria kuwa ameridhia, hata akitamka ndiyo. Mwaka 2011 ikafuata sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Nayo haikubali kisingizio kwamba msichana aliridhia.

Msomaji kijana, usidhani kwamba mambo haya ni ya vijiji vya mbali. Kwa wasichana wengi wa bweni, likizo ilikuwa wakati wa hatari kupita muhula, kwa kuwa ndipo kisu kilipotayarishwa, ili kidonda kipone kabla ya shule kufunguliwa. Leo hatari yaweza kuja ikiwa imevaa nguo nyingine: muziki, chupa, mlango uliofungwa na kicheko cha marafiki. Swali ni lile lile: je, mwenye mwili ameulizwa, na anao uhuru wa kujibu?

Nawe mvulana, usikae ukisema kwamba kunyamaza ni kukubali. Woga pia hunyamaza. Wenzako wakikusukuma, kumbuka wale vijana wachache waliobaki kumsikiliza Nice hali wengine wakiondoka, haikuwapunguzia uanaume. Nawe msichana, ukilazimishwa, kosa si lako. Mweleze mzazi, mwalimu au mtu mzima unayemwamini, ama piga simu ya watoto, nambari 116, isiyolipiwa.

Utu uzima hauletwi na kisu wala na karamu. Huanza siku ile mtu anapoweza kusema hapana, na siku anapoisikia hapana ya mwenzake, akaiheshimu.