Kuhama bila kupoteza wafuasi: miaka ya mitandao huria

Mwaka 2008 watumiaji wa Twitter walikuwa wameichoka picha moja: nyangumi akiinuliwa na kundi la ndege wadogo. Ikitokea, ujue mitambo imezidiwa na hakuna cha kufanya ila kusubiri. Mtandao wote ulikuwa wa kampuni moja; ukianguka, kila mtu ananyamaza.

Julai mwaka huo, mjini Montreal, Kanada, Evan Prodromou alifungua Identi.ca. Kwa sura ilikuwa ndugu ya Twitter, ujumbe wake ukiishia herufi 140. Tofauti ilikuwa kwenye programu iliyoiendesha, Laconica, baadaye StatusNet, ambayo ilikuwa huria. Aliyetaka aliichukua bure, akaiweka kwenye seva yake, akawa na mtandao wake mwenyewe, na bado akawafuata watu wa seva nyingine.

Mwaka 2013 ulionyesha kasoro ya mpango huo. Prodromou aliihamishia Identi.ca kwenye programu mpya, pump.io, ambayo haikuelewana na itifaki ya zamani, yaani kanuni ambazo seva zilitumia kuwasiliana. Waliokuwa wakifuatana kutoka seva moja hadi nyingine wakapotezana. Programu ya StatusNet haikupotea, kwani mradi wa GNU social uliipokea na kuiendeleza. Kilichopotea ni mahusiano ya watu, na hayo hakuna leseni inayoyalinda.

Wakazi wa Afrika Mashariki wanalijua tatizo hili kwa upande wa simu. Kabla ya Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017 kuruhusu mteja kuhama kampuni na namba yake, wengi walivumilia huduma mbovu kwa kuhofia kupotezana na ndugu na wateja. Kwenye mitandao ya kijamii, ruhusa ya namna hiyo haikuwepo.

Mwaka 2016 Eugen Rochko, kijana mtengenezaji programu nchini Ujerumani, alitoa Mastodon, programu huria ya mitandao ya kijamii, ambayo mwanzoni iliwasiliana na seva za GNU social. Januari 2018 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha ActivityPub, itifaki yenye mizizi katika pump.io ile ile, na Mastodon ikawa ndiyo mtumiaji wake mashuhuri.

Lakini anwani ya Mastodon ina sehemu mbili, jina la mtu na jina la seva, kwa hiyo mwenye seva akifunga, anwani inakufa. Toleo la mwaka 2019 lilileta njia ya kuhama. Unafungua akaunti mpya kwenye seva nyingine, humo unaitaja ile ya zamani kuwa ni yako, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuagiza uhamisho. Seva za wafuasi wako zinapata taarifa na kuwahamisha zenyewe. Machapisho yako hayaendi nawe. Na kama seva ya zamani imeshazimwa ghafla, hakuna wa kutoa taarifa hiyo.

Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na umati ukakimbilia Mastodon. Desemba Twitter ilipiga marufuku watu kutangaza akaunti zao za mitandao pinzani, kisha ikalegeza haraka baada ya kelele. Huenda ilihofia kwamba anayeondoka na wafuasi wake harudi.

Mtandao mwingine, Bluesky, ulizaliwa ndani ya Twitter yenyewe. Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, aliutangaza mradi huo Desemba 2019, Jay Graber akauongoza kama kampuni huru, na Februari 2024 milango ikafunguliwa kwa wote. Hapa kila akaunti ina kitambulisho cha kudumu kisichofungwa na seva. Jina linaloonekana laweza kuwa anwani ya tovuti yako mwenyewe, na machapisho hubeba sahihi ya kidijiti, hivyo huhamishika pamoja nawe. Ila daftari linaloorodhesha vitambulisho vingi vya aina hiyo lilijengwa na kampuni ya Bluesky yenyewe.

Kwa hiyo kila mradi umetatua kipande na kuacha kipande. Identi.ca ilifungua programu, Mastodon ikawahamisha wafuasi, Bluesky ikahamisha jina na maandishi. Anayechagua mtandao leo asiishie kuuliza kama ni huria. Aulize pia, siku mwenye mtandao akiuuza au akiuzima, ataondoka na nini mkononi.