Tone la oili lililonyamazisha injini

Wiki hii nakuomba twende gereji. Najua wengi wetu hatufungui boneti mpaka gari ligome. Hata hivyo, asiye na gari hupanda daladala, na daladala linaposimama kwenye taa sikio husikia mambo. Injini moja hutulia mpaka ukadhani imezimika. Nyingine hugonga ti-ti-ti-ti kama cherehani ya fundi aliyebanwa na sikukuu. Mafundi wetu huiita sauti hiyo kelele za tapeti, na binadamu amehangaika kuinyamazisha kwa zaidi ya miaka mia moja. Sehemu kubwa ya jibu lililopatikana imo katika oili isiyojaza kijiko cha chai, ambayo hutiwa kiwandani ndani ya kipande kidogo cha chuma kabla hakijafungwa kwenye boksi.

Tuanze na chanzo cha kelele. Kila silinda ina milango ya kuingiza hewa na milango ya kutolea moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Kinachoifungua ni kamshafti, yaani mhimili wenye vinundu unaozunguka, na kati ya kinundu na valvu hukaa tapeti, ambayo husukumwa na kamshafti ili nayo isukume. Sasa chuma kikipata moto hurefuka. Valvu ya kutolea moshi hukaa katikati ya moto, na kama haikuachiwa nafasi ya kurefuka haitakaa tena sawasawa kwenye kiti chake. Moto utapenya pembeni, nguvu ya injini itapungua, na mwisho valvu yenyewe itaungua.

Kwa sababu hiyo waundaji wa zamani waliacha uwazi mdogo makusudi. Katika Volkswagen ile yenye umbo la kobe, ambayo wakubwa wenzangu wanaikumbuka vizuri, uwazi huo ulikuwa milimita 0.10 au 0.15 kufuatana na injini yenyewe. Ni unene wa karatasi moja au mbili tu, lakini chuma kilikuwa kikiuvuka uwazi huo na kugonga chuma kingine mara nyingi kila sekunde, na huko ndiko kelele zilikotoka. Tena uwazi haukubaki vilevile. Vyuma vililika, ukaongezeka au ukapungua, na kila baada ya kilomita elfu chache fundi alilazimika kufungua kifuniko, kuingiza fila geji, kulegeza nati na kupima upya. Fundi aliyejua kupima tapeti kwa mkono mwepesi aliheshimika mtaa mzima.

Mmoja wa watu wa mwanzo waliokereka na kelele hizo hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa kazi yetu hii ya habari. Charles Yale Knight, Mmarekani aliyechapisha jarida la habari za maziwa mjini Chicago, alinunua gari mwanzoni mwa karne ya 20 ili limsaidie kufuata habari mashambani. Kelele za valvu zilimchosha, akaamua kutafuta injini isiyo na valvu za namna ile. Akabuni injini yenye mikono ya chuma inayoteleza juu na chini ndani ya silinda, na mwaka 1906 akaionyesha hadharani Chicago. Kampuni ya Daimler ya Coventry, Uingereza, ikaichukua na kuitumia kwa miaka mingi katika magari ya watu wakubwa. Kweli ilikuwa kimya. Lakini ilikunywa oili kwa pupa na kutoa moshi wa buluu, na gharama ya kuitengeneza ilikuwa kubwa. Kelele zilikwisha, mfuko ukalia.

Jibu lililodumu lilipitia njia nyingine. Badala ya kuikimbia valvu, wahandisi waliuliza: je, uwazi ule hauwezi kujazwa na kitu kinachojirekebisha chenyewe? Januari 1930 kampuni ya Cadillac ilionyesha mjini New York gari lake lenye silinda 16, na ndani ya injini hiyo mlikuwa na kifaa kinachotumia oili kuondoa uwazi wa valvu. Mwaka 1933 kampuni ya Pierce-Arrow ya Buffalo, jimbo la New York, ikatoa injini ambazo tapeti zake zenyewe zilikuwa za oili. Hayo yalikuwa magari ya matajiri, katika miaka ambayo Marekani ilikuwa imekumbwa na mdororo mkubwa wa uchumi. Pierce-Arrow yenyewe haikufika mbali, kwani mwaka 1938 ilifungwa. Kampuni ikafa, tapeti ikabaki.

Sasa hiyo tapeti ya oili ikoje? Fikiria kikombe kidogo cha chuma, na ndani yake pistoni ndogo iliyotoshelezwa kiasi kwamba nafasi iliyobaki pembeni ni mikroni chache tu. Unywele wako mmoja ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Chini ya pistoni ndogo kuna chumba, ndani ya chumba springi, na kwenye mlango wa chumba kuna kigololi kinachoruhusu oili iingie lakini isirudi. Valvu ikiwa imefungwa, springi huisukuma pistoni ndogo mpaka uwazi wote uishe, na oili huingia kujaza chumba. Kamshafti ikisukuma, kigololi hufunga mlango, oili hunaswa, na kwa kuwa oili haikubali kushindiliwa, tapeti nzima huwa ngumu kama chuma kimoja. Tone dogo huvuja pembeni, kisha hurudishwa valvu inapofunga. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kazi hiyo hufanyika mara 25 kila sekunde katika kila tapeti.

Hapo ndipo utaona adui wa kifaa hiki ni nani. Ni hewa. Hewa hushindilika. Chumba kikiwa na hewa badala ya oili, kamshafti husukuma, tapeti hubonyea kama mpira wa baiskeli uliopungua upepo, valvu haifunguki sawasawa, na ile ti-ti-ti iliyofukuzwa hurudi.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuwasumbua sana wenye viwanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili tapeti za oili zilienea Marekani. Cadillac na Oldsmobile walizitia kwenye injini zao mpya za V8 za mwaka 1949, Rolls-Royce wa Uingereza wakafuata kwenye V8 yao ya mwaka 1959, na injini nyepesi ya V8 ya Buick ya mwaka 1961 ilinunuliwa na Rover, ikaja kuwekwa kwenye Range Rover ya mwaka 1970. Magari hayo yalifika hadi kwetu, yakapanda milima na kuvuka mito. Katika injini hizo tapeti zimo ndani ya bloku, jirani na njia kuu ya oili. Zikigonga mwanzoni, pampu huziletea oili na hunyamaza.

Mambo yalibadilika kamshafti ilipohamia juu, kwenye silinda hedi, na tapeti ikageuka kuwa kikombe kinachokaa moja kwa moja kichwani mwa valvu. Porsche 928 ya mwaka 1977 ilikuwa na tapeti za oili, Mercedes-Benz 190D ya dizeli ikaja nazo mwaka 1983, na Volkswagen wakazieneza kwenye magari ya watu wa kawaida katikati ya miaka ya 1980. Ikawa si jambo la matajiri tena. Injini moja inaweza kuwa na tapeti 16 au zaidi, na kila injini inayotoka kiwandani hupimwa. Kama tapeti zimefungwa zikiwa kavu, mkaguzi atasikia kelele na asijue kama kinachogonga ni tapeti mbovu au ni tapeti yenye kiu tu. Ndiyo maana kujaza oili kabla kukawa sehemu ya utengenezaji wa tapeti yenyewe.

Kazi hiyo si ya kumimina tu, maana kijumba ni kidogo na mlango wake unalindwa na kigololi. Kwanza vipande huoshwa, kwa sababu chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya kigololi tapeti imekufa. Pistoni ndogo huchaguliwa ili ilingane na kikombe chake, nao ni ndoa isiyovunjwa: ya huyu haiingii kwa yule. Kisha hupimwa uvujaji. Tapeti hujazwa oili nyepesi, hubebeshwa mzigo, na muda wa kuzama kwake huhesabiwa. Ikizama haraka mno itapiga kelele. Ikichelewa mno inaweza kuizuia valvu isifunge. Mwisho hujazwa. Njia ya zamani ni kuizamisha ndani ya oili, kukisukuma kigololi kwa waya mwembamba na kuipampu mpaka mapovu yaishe. Njia ya kisasa zaidi ni kuiweka kwenye chumba, kuifyonza hewa yote, kisha kuifungulia oili ijae yenyewe mahali hewa ilipokuwa.

Wapo waliochagua kinyume chake. Katika injini nyingi za ndege za Lycoming, jamaa wa zile zinazorusha Cessna 172 kwenye viwanja vyetu vidogo, fundi huondoa oili kwanza, kisha hupima uwazi tapeti ikiwa kavu, nao uwe kati ya inchi 0.028 na 0.080. Ndipo injini hujaza yenyewe inapowashwa. Kila mwenye injini ana kanuni yake, na kanuni hiyo imeandikwa.

Ndugu msomaji, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niizungumze habari hii. Tapeti iliyojazwa kiwandani hufika ikiwa imesimama wima, urefu wake wote. Ukiifunga kwenye injini, springi za valvu zinahitaji muda kuikandamiza ili oili ya ziada ivuje kupitia zile mikroni chache. Vitabu vya Volkswagen vinasema wazi kwamba baada ya kufunga kamshafti injini isiwashwe kwa muda wa karibu nusu saa. Ukiiwasha mapema, valvu inayozuiwa na tapeti iliyojaa itakuwa imechomoza kupita kiasi, na pistoni itakuja juu na kuigonga. Vitabu hivyo hivyo vinamtaka fundi azilaze tapeti uso unaogusa kamshafti ukiwa chini, ili oili isimwagike. Mitsubishi wao huelekeza tapeti iliyoingia hewa izamishwe kwenye dizeli safi na kupampiwa mpaka hewa itoke. Toyota, kwa injini zao kama 2ZR ya Corolla, huelekeza vivyo hivyo kwa oili ya injini. Tena si kila Toyota: injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox nyingi haina tapeti za oili kabisa.

Pale Gerezani nimewahi kusimama pembeni nikisikiliza ugomvi wa namna hii. Mwenye gari kanunua tapeti mpya kwa fedha nyingi. Fundi kazifunga vizuri, na kwa kuwa mteja yuko juu ya kichwa chake akiangalia saa, kafunga kifuniko na kupiga stata palepale. Valvu zikapinda. Mteja akasema fundi ni mwizi, fundi akasema spea ni feki, na muuza spea akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi. Boksi lilikuwa bado lipo juu ya kopo la rangi. Nikaligeuza. Maelezo yalikuwepo kwa lugha nne, na Kiswahili hakikuwamo.

Wako watakaosema kwamba mafundi wetu hawasomi. Mimi nakataa. Yule fundi aliyepima milimita 0.15 kwa fila geji hakuzaliwa akiijua. Mtu alimwonyesha, kwa lugha anayoielewa, naye akamwonyesha mwingine. Tapeti ya oili ilikuja ikisifiwa kwamba haihitaji kupimwa, na watu wakaelewa kwamba haihitaji kujuliwa. Ujuzi uliokuwa mkononi mwa fundi ulihamishiwa kiwandani, ukafungwa ndani ya tapeti pamoja na ile oili. Iliyobaki kwa fundi ni nusu saa ya kusubiri, na hiyo nusu saa hatukumwambia.

Kwa hiyo ombi langu kwa waagizaji wa spea ni dogo. Chapisheni karatasi moja ya Kiswahili muitie ndani ya boksi: ilaze hivi, itoe hewa hivi, subiri kwa muda huu. Walimu wa vyuo vya ufundi, mpasueni mwanafunzi tapeti moja mbovu katikati akione kigololi kwa macho yake. Na wewe mwenye gari, siku fundi akikuambia subiri nusu saa kabla ya kuwasha, usimwone mvivu. Vuta kigoda, agiza chai, umwache afanye kazi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na bei ya seti moja ya valvu mnaijua.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.