Bandari Huhukumiwa Bara: Pangani, Tanga na Stesheni ya Hedaru



Kitenzi “endelea” kimezaa nomino mbili zinazotawala mijadala yetu ya uchumi: “maendeleo” na “uendelevu”. Ya kwanza inatokana na maana ya kusonga mbele. Ya pili na maana ya kudumu bila kukoma. Mzizi ni mmoja, lakini historia haitupi hakika kwamba kinachosonga mbele hudumu. Katika mhadhara huu nitaitazama tofauti hiyo kupitia bandari za Pangani na Tanga, nikiwa nimesimama mahali pasipo na bahari: Hedaru, katika uwanda mkavu ulio chini ya Milima ya Upare ya Kusini.

Msamiati wa bandari unasimulia mengi kuhusu bahari. “Bandari” ni neno la asili ya Kiajemi. “Forodha”, “ushuru” na “shehena” yana asili ya Kiarabu. Hata hivyo, maneno haya yanatuelekeza ng’ambo ya bahari na kutusahaulisha bara, ambako shehena hutoka. Hoja yangu ni kwamba uhai wa bandari huamuliwa huko.

Ushahidi wa kwanza ni Pangani. Katika karne ya 19, misafara iliyopita bonde la mto Pangani kuelekea Kilimanjaro iliifanya Pangani kuwa lango kuu la pembe za ndovu katika eneo hilo. Biashara hiyo ilimla tembo aliyeilisha. Kisha Wajerumani walianza kujenga reli mwaka 1893, wakaianzia Tanga. Ilifika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, ikipita Hedaru. Pangani haikuvamiwa na bahari wala kuzama. Ilinyimwa njia ya bara, ikafifia.

Ushahidi wa pili ni Tanga yenyewe. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika michache tu iliyo hai. Kutokana nayo yakaenea mashamba yaliyofuata reli. Lugha imehifadhi gharama ya kijamii ya ustawi huo. Mfanyakazi aliyeletwa kutoka mbali aliitwa “manamba”, neno lililotokana na namba aliyopewa. Na siku zake za kazi zilihesabiwa katika “kipande”. Mtu aliyekuwa na ukoo na jina alipokelewa shambani kama tarakimu.

Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kamba za nyuzi za viwandani zikashusha bei, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakadorora. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Aidha, tangu mwaka 1963 reli ya Mnyusi hadi Ruvu iliwezesha mzigo wa Hedaru kwenda Dar es Salaam, kama vile reli ya Voi hadi Kahe ilivyokuwa imeufungulia mzigo wa Kilimanjaro njia ya Mombasa. Tanga iliyotegemea zao moja ikajikuta haina zao wala upekee wa njia.

Upande wa mazingira nao una daftari lake. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya jani la mkonge. Masalia yalizoeleka kuachwa yaoze au kumwagwa mitoni. Mwaka 2008, huko Hale, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na masalia hayo. Jambo hilo linaonyesha kwamba kilichoitwa taka kwa karne nzima kilikuwa mali iliyokosa hesabu.

Kati ya mwaka 2019 na 2023 bandari ya Tanga ilifanyiwa upanuzi uliogharimu shilingi bilioni 429.1. Kina cha maji gatini kiliongezwa kutoka mita 3 hadi 13, ili meli zisilazimike tena kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari. Treni za mizigo nazo zilirejea Moshi mwaka 2019. Haya ni maendeleo yasiyo na ubishi. Lakini je, ni uendelevu?

Jibu lina sehemu mbili. Baharini, pwani hiyo ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kwa mara katika nyavu za wavuvi kuanzia mwaka 2003. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nalo limeelekezwa Chongoleani, jirani na hapo. Bara, lazima tuulize kama jasi ya Makanya na tangawizi ya milima ya Same zitapata behewa, au kama bandari itaegemea tena bidhaa moja, kama ilivyoegemea pembe na mkonge.

Kipimo ninachopendekeza, kwa hiyo, hakiishii kwenye kina cha gati wala idadi ya meli. Bandari endelevu ni ile ambayo stesheni ndogo kama Hedaru ina cha kuipelekea mwaka hadi mwaka, bila mlima kupoteza msitu wake, bila mto kuchafuliwa, na bila mchukuzi kupoteza jina lake. Wanafunzi wa lugha wana wajibu hapa: neno “uendelevu” likitumika kama pambo la ripoti, litabaki kuwa kisawe tu cha “maendeleo”. Tulidai maana yake kamili.