Lualaba, mto wenye kuzaa reli

Lualaba haukubali masua kupita kila fasi. Maporomoko ya Boyoma yalizaa reli ya Ubundu–Kisangani, kilometa 125 hivi, mwaka 1906. Milango ya Jehanamu, karibu na Kongolo, ikazaa ile ya Kindu–Kongolo, 1911. (Wanafunzi wetu wanashika tarehe bila kuuliza sababu.) Miji ile ilikomaa juu ya mizigo kushushwa na kupakizwa tena.

Huko juu, upande wa Kolwezi, tangu miaka ya 1950 bwawa la Nzilo linatoa umeme wa kusafishia shaba. Na maji machafu ya viwanda? Miaka mingi yalimwagwa katika mito Luilu na Musonoi, na kutoka mule hadi Lualaba. Mvuvi wa Bukama hapati kitu katika shaba, lakini maji yale yanapita kwake, na samaki wake ndiye tunanunua sokoni Lubumbashi.