Watu 100, juisi litri ngapi? Hesabu ya kufanya mbele ya sherehe

Kwenye ndoa, ubatizo ao siku ya kutangaza matokeo ya shule, juisi ya marakuja inafaa kwa wote: mtoto, mzee, na yule asiyekunywa pombe. Lakini mara nyingi komite inahesabu viti na mchele, juisi inakadiriwa tu kwa macho. Ikipunguka, mtu anakimbia kuongeza maji yoyote kwenye bidoni. Hapo njo magonjwa yanapata njia.

Anzia kwa kopo

Pima kopo zenyewe zitakazotumika, kwa chupa ya litri 1. Kama litri inajaza kopo 4, bidoni ya litri 20 itatoa kopo 80. Kama inajaza kopo 5, bidoni ile ile itatoa 100.

Kwa sherehe ya masaa mawili ao matatu, weka kopo 2 kwa kila mtu. Watu 100 ni kopo 200. Kwa kopo kubwa, ni litri 50. Ongeza sehemu moja ya kumi juu ya wale wanaokuja bila mwaliko na ile inayomwangika: litri 55. Tayarisha basi bidoni 3. Jua likiwa kali, hesabu kopo 3 kwa mtu. Kama kuna soda pia, kopo 1 inaweza kutosha.

Matunda na sukari

Changanya kipimo 1 cha juisi nzito iliyochujwa na vipimo 3 vya maji. Kwa litri 60, ni litri 15 za juisi nzito na litri 45 za maji. Sukari, anza na kilo 6, kisha onja.

Mbele ya kwenda soko, kamua marakuja 10 na upime. Zikitoa sentilitri 20, litri 15 zitaomba matunda 750.

Maji njo ya kuchunga

Kwetu, kandokando ya ziwa Kivu na Tanganyika, kolera inarudi mara kwa mara. Usitegemee ukali wa marakuja kuua vijidudu. Chemsha maji mpaka yatokote dakika 1 nzima. Kwenye milima inayopita metre 2000, dakika 3. Ukitumia dawa ya klore, itie kwenye maji matupu, ngoja dakika 30, njo uchanganye na matunda. Ndani ya juisi, klore inapoteza nguvu. Barafu nayo itoke kwa maji safi, na kopo zioshwe kwa sabuni kila mara mbele ya kumpa mtu mwingine.

Mwisho, weka pembeni bidoni moja ya maji yaliyochemshwa. Watu wakizidi, wa protokole wagawe nusu kopo ya juisi, na mwenye kiu bado apewe maji hayo. Hakuna mgeni atakayeugua kwa sababu hiyo.